Mushale wa vitesi ukidanganya: piloti anafanya nini wakati avio iko inaruka?

Leo tunaacha kidogo habari za staji na za kutafuta kazi. Tunazungumuzia kitu kimoja chenye kinaonekana cha bapiloti tu, lakini ukikifuata mpaka mwisho utaona kinagusa kila mutu mwenye anasoma namba ku mashini na anapaswa kuamua.

Kila mwenye alipanda avio ku Luano anajua ile dakika: motere zinalia, mugongo unabanwa ku kiti, majani ya pembeni ya pisti yanapita mbio, halafu pua inanyanyuka. Mu ile dakika bapiloti babili bako banaangalia namba moja zaidi ya zote: vitesi. Njo inabaambia kama bado banaweza kufunga freni, kama wakati wa kunyanyua pua umefika, na kama bawa litabeba. Sasa tuseme ile namba inadanganya. Komanda anaona 90, kopiloti anaona 130. Nani anasema kweli? Na bako na sekunde ngapi za kujibu?

Haiko swali la darasani tu. Tarehe 10 Machi 2019, safari namba 302 ya Ethiopian Airlines ilitoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Namba za upande wa komanda zilianza kudanganya palepale kisha magurudumu kuacha pisti. Dakika sita baadaye batu bote 157 balikuwa bamekufa, na 32 kati yabo balikuwa Bakenya. Wengi wetu, tukitoka Lubumbashi kwenda Ulaya, Dubai ao China, tunapitia uwanja uleule. Basi tuelewe.

VITESI INAPIMWA NAMNA GANI?

Mutokari inahesabu mizunguko ya gurudumu. Avio haiwezi kufanya vile, juu hewani hakuna barabara. Inapima hewa.

Ku mbele ya avio, pembeni ya pua, kuko mirija midogo yenye mdomo wazi, inatazama mbele. Inaitwa mirija ya Pitot, kwa jina la Henri Pitot, Mufaransa mwenye alipima mwendo wa maji ya mto Seine na mrija mwaka wa 1732. Avio ikienda mbele, hewa inajisukuma ndani ya mrija. Ukienda mbio zaidi, msukumo unaongezeka. Ni sawa na kutoa mkono ku dirisha ya mutokari ku njia ya Likasi: ku 40 unasikia upepo tu, ku 120 mkono unarudishwa nyuma.

Lakini ndani ya mrija kuko misukumo miwili imechanganyika: ule wa mwendo, na ule wa kawaida wa hewa yenye inatuzunguka. Njo maana ku ubavu wa avio kuko tundu zingine, laini, zenye hazitazami mbele. Zile zinapima hewa tulivu tu. Kompyuta inafanya kutoa: msukumo wa mrija, kutoa msukumo wa tundu. Kinachobaki njo mwendo, na banafunzi ba politekiniki banakijua: nusu ya uzito wa hewa mara mwendo mara mwendo.

Angalia vizuri: mushale wa vitesi haupimi vitesi. Unapima tofauti ya misukumo miwili, halafu unatafsiri. Mrija ukizibwa, tundu likizibwa, mushale utaendelea kutafsiri tu. Hautasema "sijui". Utakupa namba safi, yenye inaonekana ya kweli.

Na avio kubwa haina mushale moja. Iko na ya komanda, ya kopiloti, na ya akiba. Kila moja iko na mrija wake. Tatu zikisema kitu kimoja, vizuri. Moja ikitoka njia, mbili zinaitoa ushahidi. Lakini kuko siku zenye sababu moja inaziba mirija mbili ao tatu pamoja, na hapo kura ya wengi haisaidii.

UONGO UKO NA SURA TATU

Sura ya kwanza: mrija umezibwa kabisa na umefunga hewa ya chini ndani. Ku pisti mushale unabaki ku sifuri, hata avio ikikimbia. Lakini kisha kuruka, jambo la ajabu: hewa ya inje inapungua msukumo jinsi munapanda, na ile yenye ilifungwa mu mrija inabaki vilevile. Tofauti inaongezeka, na mushale unaanza kupanda peke yake.

Tufanye hesabu ya Luano. Uwanja wetu uko karibu mita 1,300 juu ya bahari, na hewa yake siku ya joto iko na uzito wa karibu kilo 1 kwa kila mita kibiki. Ukipanda mita 300, msukumo wa inje unapungua karibu paskali 3,000. Mashini itatafsiri ile tofauti kuwa noti 135 hivi, ni kusema kilomita 250 kwa saa. Ukifika mita 1,200 juu ya pisti, itasoma karibu noti 260. Vitesi ya kweli inaweza kuwa yoyote. Ule mushale umegeuka kuwa kipimo cha urefu wenye umevaa nguo za vitesi. Na hatari yake iko hapa: piloti mwenye aliona sifuri ku pisti anaona sasa mushale "umepona", na anauamini.

Sura ya pili: tundu za ubavuni zimezibwa. Hapo inageuka: ukipanda, vitesi inasoma chini kuliko kweli, na kipimo cha urefu kinaganda. Tarehe 2 Oktoba 1996, Boeing 757 ya Aeroperú ilitoka Lima usiku na tundu zake zikiwa zimefunikwa na utepe wa gundi wenye ulisahauliwa kisha kusafisha avio. Bapiloti baliuliza batu ba mnara urefu wabo. Mnara ulijibu, lakini namba yake ilikuwa inatoka ku kompyuta ya avio ileile yenye ilikuwa inadanganya. Batu 70 balikufa mu bahari. Mushahidi mwenye alisikia habari kwako hawezi kukuhakikishia habari yako.

Sura ya tatu: mirija iko mizima, lakini kompyuta inazisahihisha vibaya. Namba za mrija zinahitaji kusahihishwa kidogo kufuatana na pembe yenye bawa linakutana na hewa. Ile pembe inapimwa na kabawa kadogo kenye kanazunguka ku ubavu wa pua. Kabawa kakiharibika, vitesi na urefu vya upande ule vinaharibika nako. Njo ilianza vile ku Addis.

NI NINI INAZIBA MRIJA?

Vitu vidogo. Barafu, njo maana mirija inapashwa moto na umeme. Utepe. Vifuniko vyenye bafundi balisahau kutoa. Na nyigu. Tunabajua hapa: wale benye kujenga nyumba ya udongo ku kona ya dirisha, na mu kila katundu kenye kanabatosha. Mrija wa Pitot, kwa nyigu, ni nyumba tayari.

Ku Brisbane, mu Australia, nyigu balikuwa tatizo la kila siku, basi avio zikisimama pale zinavalishwa vifuniko. Tarehe 18 Julai 2018, Airbus A330 ya Malaysia Airlines iliruka ku Brisbane na vifuniko bado juu ya mirija yote. Dawa ya kuzuia uongo njo ilileta uongo. Mizunguko ya kuangalia avio ilipita, hakuna mwenye aliona. Lakini bote balirudi bazima, na tutaona namna gani.

KU PISTI: KUSIMAMA AO KUENDA?

Pisti ya Luano iko na urefu wa karibu mita 3,200. Inaonekana mingi, lakini avio nzito inaimeza mbio. Mbele ya kuruka, bapiloti banahesabu vitesi moja yenye inaitwa V1. Mbele ya V1, unaweza kufunga freni na kusimama ndani ya pisti. Kisha V1, unaenda, hata kama motere moja imekufa, juu ukifunga freni utatoka ku mwisho wa pisti na mafuta yote ndani.

Lakini V1 yenyewe inasomwa ku mushale. Kama mushale unadanganya, unajua namna gani kama umeifika? Njo maana kuko sauti moja ya lazima mbele yake. Ku Boeing, piloti mwenye anaangalia mashini anaita ku noti 80. Ku Airbus anaita ku noti 100. Mwenzake anaangalia yake na anajibu. Ile sauti haiko sherehe. Ni mutihani: mishale yetu iko inapatana? Kama haipatani, ni bei ndogo kusimama pale. Pisti bado ndefu, freni bado baridi.

Kati ya ile sauti na V1, desturi ni kusimama kwa vitu vikubwa tu: moto, motere kufa, ao avio yenye haiwezi kuruka. Kwa vitesi zenye hazipatani mu ile nafasi, bapiloti banapaswa kuwa bamezungumuza mbele, bado bako banasimama, bajue batafanya nini. Mbio ya noti 130 haina nafasi ya mukutano.

Kisha V1, jibu ni moja: enda. Avio yenye vitesi yake haijulikani bado ni avio nzima. Motere zinasukuma, mabawa yanabeba. Kilichoharibika ni habari tu.

HEWANI: PUA NA NGUVU

Hapa njo moyo wa mambo yote. Avio ya aina fulani, na uzito fulani, ukiiweka pua ku pembe fulani na motere ku nguvu fulani, itaenda vitesi yenye inajulikana, piloti aione ao asiione. Pembe ya pua haitoki ku mrija. Inatoka ku mashini zenye kuzunguka na miale ndani ya avio. Nguvu ya motere inatoka ku motere. Nyigu haiwezi kuzidanganya.

Basi bapiloti banajifunza namba chache kwa kichwa. Kwanza banatoa piloti otomatiki na nguvu otomatiki, juu zinaweza kuwa zinasoma namba ya uongo. Kisha, ku Boeing 737, flapu zikiwa inje: pua digrii 10, motere asilimia 80. Flapu zikiwa ndani: digrii 4, asilimia 75. Ku Airbus A320, mwanzo kabisa wa kupanda: digrii 15 na nguvu yote, kisha kupunguza nguvu ya kuruka: digrii 10 na nguvu ya kupanda. Hazitakupa vitesi nzuri kabisa. Zitakupa vitesi yenye haiui. Ukiwa mzima na juu ya ardhi, sasa fungua listi, linganisha mishale tatu, tafuta mwenye anadanganya.

Satelaiti nayo inaweza kusaidia, lakini kwa akili. GPS inatoa mwendo juu ya ardhi, na bawa halijui ardhi, linajua hewa. Ku Luano, siku ya digrii 28 bila upepo, mushale mzima ukisoma noti 140, GPS itasoma karibu 155, juu hewa yetu ni nyepesi. Mwenye ataona 140 ku GPS na kusema "niko sawa" kumbe bawa lake linasikia 127 tu. Ku Addis, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, tofauti inafika karibu asilimia 15. Msaada bila kuelewa unaweza kuua.

Ku Brisbane bapiloti balifanya ile kazi: balishika pua na nguvu, mnara ukabapa mwendo juu ya ardhi, balizima mashini za hewa zenye zilikuwa zinadanganya ili avio ionyeshe kipimo cha akiba chenye kinatumia pembe ya bawa. Karibu saa moja baadaye balitua.

SAFARI MBILI ZENYE HAZIKURUDI

Tarehe 6 Februari 1996, Boeing 757 ya Birgenair ilitoka Puerto Plata, mu Jamhuri ya Dominika, usiku. Mrija wa komanda ulikuwa umezibwa. Bachunguzi balishuku nyigu, juu avio ilikuwa imesimama siku nyingi na mirija haikufunikwa. Ku pisti komanda mwenyewe aliona mushale wake haufanyi. Aliomba kopiloti amuitie vitesi, na baliendelea. Hewani ile sura ya kwanza ilijionyesha: mushale wa komanda uliamuka na kupanda. Piloti otomatiki, yenye ilikuwa inasoma upande wake, ilinyanyua pua na kupunguza nguvu kusudi avio "isikimbie sana". Kengele ya mbio kupita kiasi ililia. Kisha usukani ulianza kutetemeka, alama ya kwamba vitesi ni ndogo sana. Kengele mbili zenye zinapingana, kwa avio moja. Mushale wa kopiloti ulikuwa unasema kweli wakati wote. Batu bote 189 balikufa.

Ku Addis ilikuwa sura ya tatu, na Boeing 737 MAX. Mara tu kisha kuruka, kabawa ka kushoto kalisema pembe ya bawa ni digrii 74.5, ka kulia kalisema karibu 15. Vitesi na urefu vya komanda vilianguka chini ya vile vya kopiloti, na usukani wake ulianza kutetemeka. Mpaka hapa, njo lile tatizo letu: pua na nguvu. Lakini mu ile avio kulikuwa programu moja, MCAS, yenye ilikuwa inaamini kabawa kamoja tu. Flapu ziliporudi ndani, MCAS ilisukuma pua chini, mara kwa mara, kama mutu mwenye anaokoa avio kutoka hatari yenye haiko. Bapiloti balikata umeme wa mkia kama listi ilisema. Lakini nguvu ya motere ilikuwa imebaki ya kuruka, vitesi ilipita noti 340 yenye ni mpaka wa ile avio, na gurudumu la mkono lilikuwa gumu sana kuzungusha. Balirudisha umeme. MCAS ilirudi nao.

Komanda alikuwa na miaka 29, kopiloti 25. Umri wetu, bandugu.

Nani ana kosa? Ripoti ya mwisho ya Ethiopia, ya Desemba 2022, iliweka uzito wote juu ya MCAS. Bachunguzi ba Marekani na ba Ufaransa balikubali kwamba MCAS ilikuwa chanzo, lakini balisema kazi ya bapiloti, zaidi sana kuhusu nguvu ya motere, ilipaswa kuzungumuziwa pia. Na hata sababu ya kabawa haikuwapatanisha: Ethiopia ilisema umeme, Bamarekani balisema ndege wa porini alikagonga. Kwangu mie, mambo mawili yanaweza kuwa kweli pamoja. Piloti anapaswa kujua pua na nguvu. Na hakuna mwenye haki ya kujenga mashini yenye inaamini shahidi mmoja, halafu kumudai kijana wa miaka 25 atengeneze ile hesabu ndani ya dakika sita, hasa kisha Lion Air, ku Indonesia, kuanguka kwa programu ileile tarehe 29 Oktoba 2018 na batu 189. MAX zilifungiwa chini dunia nzima, na Marekani iliziruhusu tena Novemba 2020, na programu yenye inalinganisha kabawa mbili.

SISI TUNABEBA NINI?

Kwa benye kusomea mashini, mine, umeme, udaktari, vitu vitatu.

Moja: jua mashini yako inapima nini kweli. Kama hujui namba inatokea wapi, hutajua siku yenye inadanganya.

Mbili: kuwa na "pua na nguvu" yako. Mu kila kazi kuko vitu viwili ao vitatu vyenye haviharibiki pamoja na mashini kubwa. Munganga mwenye ekrani inamuambia mugonjwa hana moyo, na mugonjwa anamuangalia, anashika mkono na kutafuta mapigo. Vijue mbele ya siku ya shida, kwa kichwa.

Tatu, na njo ngumu zaidi kwetu: sema. Mu Birgenair, mushale wa kweli ulikuwa mbele ya kopiloti. Huku kwetu tunafundishwa kwamba chef anajua, na kumusahihisha ni kukosa adabu. Lakini kusema "komanda, yangu inaonyesha ingine" haiko kukosa heshima. Ku noti 80 njo kazi yako. Na chef mwenye akili anauliza mwenyewe: "Weye unaona ngapi?"

Basi niwaachie swali, mujibu hapa chini: mu kazi ao mu masomo yako, ni namba gani yenye bote banaiamini na hakuna mwenye anaihakikisha?